Risasi ya Saba na ya Nane

Merle Hudak alikuwa amechoka kabla Denise hajafika. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha kwa vumbi la chuma, na kwenye benchi lake zililala rivolva tatu, bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, za watu waliokuwa wakipiga simu kila asubuhi kuuliza kama ziko tayari. Ndiyo kazi aliyojichagulia. Rivolva hutoka kiwandani ngumu kama bawaba yenye kutu, naye huifungua, huisugua kwa msasa mpaka triga iteleze kama bamia. Kwa wiki nzima alikuwa akifikiria kufunga karakana na kulala tu.

Denise Pavlik aliingia bila kubisha, theluji mabegani. Alikuwa mtu mzima wa arobaini na kitu, aliyerudi kuishi kwa baba yake baada ya ndoa kumshinda.

"Anko Merle, Baba amepiga friji."

"Ameipiga teke?"

"Ameipiga risasi."

Merle aliweka tupa chini.

Denise alieleza amesimama, hakutaka kiti. Baba yake, mzee Vince, alikuwa ametoka uwanja wa shabaha. Akaketi mezani jikoni na rivolva yake, akaanza zoezi lake la kila siku la kuvuta triga ya bastola tupu ili mkono usisahau kutulia. Wapiga shabaha wote hufanya hivyo. Ila bastola haikuwa tupu. Risasi ilipenya mlango wa friji, ikapasua chupa ya maziwa, ikaingia ukutani.

"Maziwa hayo nilikuwa nimetoka kuyarudisha mimi. Nilikuwa sijafika hata mlangoni. Na bado anasema ilikuwa tupu! Ati alipiga zote."

"Alipiga sita," Merle alisema taratibu.

"Umejuaje?"

Alijua kwa sababu kila mtu klabuni alijua. Vince Pavlik alijifunza kwa rivolva za risasi sita, enzi ambazo hakukuwa na nyingine, na kidole chake kilikariri: sita, fungua, mwaga, jaza. Zilipokuja za risasi nane, alikuwa wa kwanza mjini kununua. Akaziuza za sita zote, akaanza kukusanya za nane. Sasa alikuwa nazo tisa, na kila moja ilipita mikononi mwa Merle. Merle alizipunguza nyundo, akazilainisha, akazichongea mipini ya mti wa jozi kufuata mkono wa Vince, mkono ambao kidole chake cha mwisho kilikatwa na mashine kwenye kiwanda cha chuma. Mtu mwingine akiishika mojawapo huona kama amevaa kiatu cha mwenzake.

Lakini tangu mwaka jana kidole cha Vince kilianza kurudi kwenye sita za zamani. Kwenye mashindano alipiga sita, akafungua, akamwaga chini pamoja na risasi mbili nzima. Vijana wakambatiza Mzee Sita. Walicheka, na Merle alicheka nao.

"Nakuomba kitu kimoja," Denise alisema. "Zichukue zote, mwambie unazisafisha. Kisha zisage zile pini zinazogonga risasi, kidogo tu, zisifike. Hatajua."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sijawahi kugusa bastola ya mtu nikamficha nilichofanya."

"Heshima yako hiyo, Anko, itakuja kuzika mtu. Na mtu mwenyewe ni mimi." Alifunga koti. "Basi njoo umwambie wewe usoni. Mimi nimeshasema mpaka koo limekauka."

Jumapili baada ya ibada Merle aliendesha pikapu hadi kwa Pavlik. Angelipa chochote awe kitandani. Mfukoni alikuwa na risasi bandia nane alizozikereza mwenyewe, hazina baruti, zina kitako cha shaba laini ambacho kikigongwa na pini hubaki na kovu.

Vince alikuwa jikoni, mbele ya sahani ya kabichi na tambi. Tundu la friji lilizibwa kwa utepe wa kijivu.

"Kijana!" aliita. Merle alikuwa na miaka hamsini na minane. "Unatembea kama mjamzito. Kaa."

"Mgongo."

"Mgongo gani, uvivu. Denise, mpe huyu chakula kabla hajatufia hapa."

Denise alimwekea sahani, akabaki ameegemea sinki, mikono kifuani. Merle alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Lete ile iliyopiga friji."

Vince alimtupia binti yake jicho, kisha akaenda kuileta. Merle aliifungua silinda, akahakikisha ni tupu, akaingiza risasi zake nane mbele ya macho yao.

"Hizi haziui. Elekeza ukutani kule, piga mpaka ziishe."

"Tunacheza mchezo wa watoto?"

"Cheza, mzee."

Vince aliinua mkono. Ulikuwa bado mkono mzuri, haukutikisika. Triga ilikwenda na kurudi, na Merle aliisikia kazi yake mwenyewe ndani ya chuma, laini, bila kukwama. Kisha Vince akaishusha bastola, akaiweka mezani.

"Tupu."

"Una hakika?"

"Umeniona kipofu? Nane zote."

Merle alizimwaga mezani, akazisimamisha vitako juu. Sita zilikuwa na kovu katikati. Mbili ziling'aa, laini kabisa.

Vince alizigeuza moja moja kwa kidole.

"Umezipanga hivyo. Hizi mbili ni mbovu."

"Basi zichague mwenyewe."

Merle alichomoa mfukoni kitambaa chenye mafuta na nyundo ndogo, akayalainisha yale makovu mpaka yakafifia, akampa. Vince alijaza mwenyewe. Safari hii alihesabu kwa midomo, na midomo ikaenda sawa na kidole mpaka sita. Halafu mkono ukashuka wenyewe, kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Alibaki akiutazama. Denise aligeukia dirisha.

Vince hakusubiri kufunguliwa silinda. Aliisukuma bastola upande wa Merle.

"Alikuomba usage pini, siyo?"

"Baba—"

"Nyamaza kidogo, mama. Ulikuwa ukimwambia mtu kwa simu pale kwenye ngazi, kabla hujaenda kwake. Masikio bado ninayo." Alimtazama Merle. "Ukasema nini?"

"Nilikataa."

"Kwa sababu ya urafiki?"

"Kwa sababu nimechoka, Vince. Kuanza kudanganya watu katika umri huu ni kazi kubwa."

Vince alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, na wakasikia kabati la chuma likifunguliwa. Alirudi mara kadhaa, kila mara na mbili, akazipanga mezani juu ya taulo, zote tisa, mipini ikielekea kwake.

"Zitoe," alisema. "Pini. Usizisage, zitoe kabisa. Ila springi usiziguse. Nataka zivutike vile vile."

"Hazitapiga tena kitu."

"Nimesikia. Zitoe."

Merle alirudi kwenye pikapu kuchukua sanduku lake. Alifanya kazi pale pale jikoni, miwani puani, mgongo ukimchoma. Skrubu, nyundo, springi, pini. Kila bastola aliyoifungua aliikumbuka: hii aliimaliza mwaka ambao mke wa Vince aliugua, hii iliwapa kikombe cha jimbo, ile pale alikesha nayo kwa sababu silinda ilicheza kidogo na Vince akagoma kuipokea. Denise alileta chupa tupu ya haradali, na pini zikawa zinaangukia humo kwa mlio mdogo. Hakuna aliyekula tena kabichi.

Alipomaliza alimkabidhi Denise chupa. Denise aliishika kwa mikono miwili, hakujua aiweke wapi, mwishowe akaitia mfukoni mwa aproni.

"Asante, Anko," alisema chini kwa chini.

Merle alivaa koti. Alitaka nyumbani, viatu vivuliwe, asiongeleshwe na mtu. Nyuma yake Vince alikuwa ameanza kuzijaribu, moja baada ya nyingine, macho amefumba, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza redio iliyo mbali. Hakuhesabu tena.

"Kijana."

"Nini tena?"

"Hii ya nne inakwaruza. Mwishoni pale, kabla nyundo haijaanguka."

Merle alisimama mlangoni. Bastola isiyo na pini. Isingepiga kopo, isingepiga karatasi, isingetoka tena nje ya nyumba hii. Alimwangalia Denise, naye Denise akainua mabega tu.

"Inakwaruza sana?"

"Kidogo. Lakini nimeisikia."

Merle alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaketi akiguna.

"Lete hapa," alisema. "Na unipe ile bisibisi ndogo, uko karibu nayo."