Grupu la Maktaba ya Didia

Thobias alikuwa mkutubi wa maktaba ya jamii pale Didia, chumba kimoja chenye rafu nne, na alikuwa amepewa miezi mitatu. Shirika lililolipia chumba na intaneti lilisema wazi: Juni ikifika bila watu kuonekana wanajifunza chochote, linafunga. Hadi Machi walikuwa wamekuja wasomaji kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuja kuchaji simu.

Basi akaona kama watu hawaendi kwenye vitabu, vitabu viwafuate watu. Akafungua grupu la WhatsApp, akaanza kusoma kwa sauti kitabu cha kilimo cha dengu, ukurasa mmoja kila siku, na kuwatumia. Wazo zuri, tena halikumgharimu mtu. Aliingiza namba mia mbili, wakiwemo vijana wa Didia waliokwenda kuchimba dhahabu Geita. Wiki nzima hakuna aliyejibu.

Aliyemwambia ukweli ni Mama Masalu, aliyefanya usafi pale.

"Mwalimu, unaingia kwenye nyumba za watu na dengu zako, hata mwadila, salamu yetu, hujasema. Nani akusikilize?"

Thobias ni mtu wa Kilosa. Usukumani alikuja kikazi. Aliona aibu, akajirekebisha. Tangu siku hiyo kila rekodi ilianza na mwadila, ikauliza hali za wazee, za ng'ombe na za mvua, ndipo kitabu kikafunguliwa. Grupu likafufuka. Na kwa kuwa mtu akisalimiwa vizuri hujibu vizuri, majibu yakaja kwa sauti, ya dakika nne, ya dakika sita. Mhola? Mhola duhu, yaani habari ni njema tu. Mama anamsalimu mwanawe wa Geita, mwana naye anasalimu ukoo mzima kwa majina.

Majibu ya wiki ya kwanza Thobias aliyasikiliza dakika moja moja, akachoka kabla salamu hazijaisha. Simlaumu sana, mimi nisingefika hata Jumatano. Baada ya hapo akawa anasoma ukurasa wake, anatuma, anaweka simu chini. Aliringia wingi wa majibu bila kujua yanasema nini.

Juni akaja Asteria, afisa wa shirika kutoka Mwanza. Gari lilimsubiri nje, anawahi Kahama.

"Nionyeshe wanajifunza nini."

Thobias akampa simu. Asteria akasikiliza rekodi ya kwanza kwa nusu dakika, akaenda ya pili, akafika ya tisa.

"Hizi ni salamu."

"Ndiyo, Madam. Huku wanaanza na salamu."

"Halafu wanasema nini?"

Hapo angeweza kuiokoa maktaba kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe hakuwa nayo. Akasema wanashukuru.

"Kushukuru si kujifunza, Thobias. Ufunguo naomba uurudishe Ijumaa."

Alipoondoka, Thobias aliketi kwenye benchi akaanza kuzisikiliza zote, kutoka Machi. Alianza kwa hasira, akamaliza moyo unamuuma. Baada ya salamu, kila mara, kulikuwa na neno. Mkulima mmoja, Bhoke, alipanda kama kitabu kilivyosema, mvua zikiishia na udongo wa mbuga ukiwa bado na unyevu, na dengu zake zimetoa maua. Mwita, mmoja wa wale vijana wa Geita, aliuliza kama maktaba ina kitabu kuhusu zebaki wanayokamatia dhahabu, maana mikono imeanza kumtetemeka. Mwingine aliubishia ukurasa wa kumi na mbili, kwa hoja nzuri kuliko za kitabu.

Thobias akampigia Asteria.

"Ripoti nimeshaituma," Asteria alisema, bila ubaya wowote, na simu ikakatika njiani.

Rekodi ya mwisho ilikuwa imeingia asubuhi ile ile, kutoka kwa Mzee Ndaki, mkulima wa upande wa pili wa kijiji. Salamu zilichukua dakika tano, na safari hii Thobias hakuruka hata moja.

"Mwanangu," mzee alisema baada ya hapo, "nimekuuliza mara tatu kuhusu wale funza wanaotoboa dengu, hujibu. Nadhani simu yako ni mbovu, si kosa lako. Nitakuja mwenyewe Jumatatu. Natembea polepole, usifunge mapema."