Kifungo cha Juu

Mwalimu wa chekechea aliniita pembeni akanipasulia ukweli. "Bibi, mjukuu wako ana vidole vilegevu. Penseli inamponyoka, na sweta hawezi kujifunga. Nyumbani nani anamfunga vifungo?"

"Mimi," nikajibu kwa kujidai. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Vifungo vitano kwangu ni kufumba na kufumbua.

"Basi tatizo ndilo hilo." Akanipa donge la unga uliokandwa kwa chumvi na mafuta, lenye rangi nyekundu. "Mcheze duka, mcheze chochote. Ila mikono yako, Bibi, ikalie."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Lakini niliogopa pia. Sweta hiyo ya bluu ilinunuliwa na binti yangu kabla hajaenda ng'ambo kulea watoto wa watu. Siku ya kuondoka ilikuwa ikimpwaya mtoto. Alimfunga kifungo kimoja kimoja, akimhesabia, akamwambia, "Nikirudi nitakufunga tena." Mwaka wa pili huu, na sweta sasa inamkaa sawasawa. Mtoto mmoja tu nimekabidhiwa, nami nimemlemaza vidole kwa mapenzi.

Tukafungua duka kando ya cherehani. Yeye fundi, mimi mteja.

"Nataka vifungo vya koti, fundi. Fanya haraka, nina safari."

"Panga foleni," akasema. Foleni ilikuwa mimi na mwanasesere asiye na mguu.

Akamega unga, akauviringisha kwa ncha za vidole, akaubonyeza, akatoboa matundu kwa kijiti cha kiberiti. Kifungo kikatoka kama kiazi kilichokanyagwa. Mikono ikaniwasha, nikakichukua nikakinyoosha kingo.

Alikitazama, akakirudisha mezani. "Hiki umetengeneza wewe. Duka limefungwa."

Tangu hapo mikono niliikalia kweli, mpaka ikafa ganzi. Wiki zikapita, vifungo vikawa vidogo, vya mviringo, matundu manne yamelingana. Siku moja nikamkuta anafinyanga koti zima.

"La mteja gani hilo, fundi?"

"La Mama. Likiisha atakuja kulichukua."

Nilijifanya natafuta sindano sakafuni. Nami namngoja mwanangu, ila mimi sina duka la kumfanyia kazi.

Jumapili mama yake akapiga simu ya video. Mtoto akasimama mbele ya simu, ulimi nje, akaanza kujifunga sweta kutoka chini. Kimoja. Cha pili kikamtoroka, akakirudia. Mimi mikono iko chini ya mapaja. Alipofika cha tano, mama yake alikuwa anapiga makofi na kucheka.

Halafu makofi yakakoma. "Hongera, mwanangu," akasema. "Sasa mimi nikirudi nitakufunga nini?"

Mtoto akainama akajitazama kifuani. Kisha akashika kifungo cha juu kwa vidole viwili, vile vile nilivyoambiwa ni vilegevu, akakifungua.

"Hiki chako," akasema.

Huu ni mwezi wa tatu tangu simu ile. Kila asubuhi anajifunga vinne, cha juu anakiacha, anakwenda shule shingo wazi kwenye baridi. Mwalimu amenitumia maneno mara mbili, eti mtoto ataumwa kifua, nimfunge. Nimemwambia mikono yangu nimeikalia.