Nyuzi za Kwemhasha

Siku ya gulio Nasra alifika ofisini mapema, akaweka maandazi yake juu ya meza, akawasha kompyuta na kuisubiri iamke. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo mjini Lushoto. Chini ya dirisha wanawake wa Lukozi walikuwa wanapanga karoti na mapeasi, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye mabati ya soko.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha data. Mradi uliomwajiri ulikuwa umepewa data na kila aliyekubali kutoa: mradi wa maji wa bonde, hospitali, mabwana shamba, watu wa bei za mazao, watabiri wa hali ya hewa, hata wenye malori. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa na majina yake. Kijito cha Kwemhasha, ambamo Nasra alioga utotoni, watu wa maji walikiita Chanzo Namba Tisa. Bwana shamba alikiita Skimu ya Lukozi Juu. Wenye malori walisema pale darajani. Kompyuta iliamini kwamba hayo ni maeneo matatu yasiyojuana.

Dar es Salaam, chuoni, Nasra alijifunza namna ya kuifundisha kompyuta maana na si maneno matupu. Kila kitu unakipa anwani yake moja kwenye mtandao, kisha unaandika habari zake kwa sentensi fupi za vipande vitatu: kitu hiki, kinahusianaje, na kitu kile. Kijito kinanywesha shamba. Shamba linalima kabichi. Sentensi moja peke yake haina faida kubwa. Zikiwa nyingi, mashine inaanza kuzisoma pamoja na kuelewa mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Nasra aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kushona. Angeweza kukaa nayo mpaka chai ikapoa.

Asubuhi ile aliandika kwamba Chanzo Namba Tisa ni kitu kilekile kama Skimu ya Lukozi Juu, akabonyeza kitufe.

Kabla ya adhuhuri alikuja Twaha, mpimaji wa mradi wa maji, buti zake zikiwa na tope jekundu mpaka vifundoni.

"Nasra, kuna uzi umetoka kwenye bomba letu kule Kwemhasha. Umenyooka mpaka kwenye mfereji wa bwana shamba."

"Ni sawa. Nimeviunganisha leo."

"Uzi umekatiza njia ya pikipiki. Huwezi kuupandisha kidogo?"

"Siupangi mimi, kaka Twaha. Unapita pale penye uhusiano."

Twaha alifikiri, akakubali kwamba hilo lina mantiki, akachukua andazi moja.

Ndani ya msimu ule nyuzi zilienea kutoka Lukozi mpaka Kwai. Zilikuwa nyeupe, nene kiasi cha uzi wa kushonea magunia, na asubuhi zilishika umande, hata mtu akisimama barabarani aliona bonde zima limetandwa. Ng'ombe walijifunza kuinama. Imamu aliomba mlango wa msikiti uachwe wazi, na Nasra alipomweleza kwamba msikiti umeunganishwa na kisima chake tu, kilichopo nyuma, imamu alisema hapo hakuna shida.

Wa kwanza kugundua kwamba nyuzi zinaitika alikuwa Saidi, mkulima wa nyanya. Aliuvuta uzi uliopita kando ya shamba lake akauliza kama nyanya zake aziuze kesho au azisubirishe. Uzi ulitetema. Ulikwenda wenyewe kwa watu wa bei, ukaenda kwa watabiri wa mvua, ukapita kwa wenye malori kuuliza nani ana nafasi, ukarudi na jibu moja: avune leo jioni, lori la Abdallah litapita darajani alfajiri, na mvua itaanza likishafika Mombo. Jibu lilitoka kwa sauti tulivu kama ya msoma taarifa wa redioni. Jirani yake alipouliza kwa Kishambaa, alijibiwa kwa Kishambaa.

Mvua ilinyesha kama ilivyosemwa. Tangu chama cha ushirika kife na soko kuachiwa huria, bei huko milimani ilikuwa neno la dalali tu, na dalali alilisema akiwa tayari amekwisha panga foleni ya malori. Sasa madalali walikuwa wanakuta wakulima wameketi juu ya matenga yao, wametulia, wanajua. Wazee walianza kumwita Nasra fundi. Alipopita gulioni, wanaume waliokuwa wamekaa walisimama kidogo.

"Binti wa Mwanamisi amefanya kazi, mghoshi," mzee Idrisa alimwambia Twaha, akimwita bwana kwa Kishambaa. "Mimi nimeuza viazi tangu enzi za ushirika, sijawahi kuulizia lori nikiwa kwangu."

Mwanamisi mwenyewe, mama yake Nasra, hakusema mengi. Alilima kabichi chini ya Kwemhasha, na alikuwa mwanamke ambaye kabichi zake zilijulikana mpaka Korogwe. Lakini kwa miaka kadhaa mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alianza kwa kumwaga chai. Baadaye hakuweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, halafu akaacha kusuka nywele za wajukuu. Hospitali walimwambia labda ni umri, labda ni mawazo. Hakuwa na umri huo, na mawazo yake yalikuwa ya kawaida.

Data za hospitali zilikuja mwishoni. Hazikuwa na majina ya watu, zilikuwa na kijiji na ugonjwa tu. Nasra alipofika kwenye mstari wa mikono kutetemeka, Lukozi, mwanamke, alijua ni nani. Angeweza kuuruka, hakuna ambaye angejua. Aliandika kwamba mgonjwa huyu hutumia maji ya Kwemhasha, kwa sababu ilikuwa kweli, akabonyeza.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Uzi ulikuwa umetoka kwenye kiwiko cha mkono wake wa kulia, ukapita mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huu uzi umekuja tangu adhuhuri," Mwanamisi alisema, akiuinua ili binti yake apite. "Hauumi. Unanisumbua nikisonga ugali tu. Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Si wewe uliyeuandika?"

"Mimi naandika sentensi moja moja, mama. Zikishakutana, zinasema mambo ambayo mimi sikuyasema."

Mwanamisi aliendelea na maharage yake. "Basi kesho tutaufuata. Siwezi kufungwa kwenye kitu nisichojua mwisho wake."

Walitoka baada ya kukamua ng'ombe. Mwanamisi alitangulia, uzi akiwa ameushika kwa mkono mwingine kama mtu anayemvuta mbuzi, ila mbuzi ndiye aliyekuwa anamvuta yeye. Haikuchukua muda nyuzi nyingine zikajiunga nao. Mmoja ulitoka kwenye dirisha la Salimu fundi baiskeli, aliyeacha ufundi kwa sababu ya macho kufifia. Mwingine ulitoka kwa mama Shamsa, ambaye mimba zake hazikuwa zinakaa. Mmoja, mwembamba kuliko yote, ulitoka kwenye kaburi dogo lililokuwa katikati ya migomba. Mwanamisi aliuruka kwa uangalifu, akasoma Fatiha, wakaendelea.

Nyuzi zote ziliingia kijitoni, zikapanda nacho dhidi ya mkondo, zikavuka msitu wa misonobari, zikafika kwenye uzio wa Shamba la Juu. Shamba hilo lilikuwa la Wajerumani, likawa la serikali, kisha mashirika ya umma yalipouzwa likawa la Bwana Anord, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wake wakati wa serikali, na la wenzake wasiotajwa. Lilikuwa linalima maua ya kwenda Ulaya. Nyuzi zilipita kwenye uzio zikaingia stoo na kujifunga kwenye mapipa ya buluu, ambamo mlikuwa na dawa ya wadudu ambayo watu wa kule ilikotengenezwa walikuwa wamekwisha katazwa kuinyunyiza.

Bwana Anord aliwapokea mlangoni. Alikuwa ameweka mabenchi.

"Shikamoo," Nasra alisema.

"Marahaba. Karibuni. Mwanamisi, nawe umefika? Wenzako wenye nyuzi walikuja juzi." Akaagiza chai. "Binti, kazi yako naisifu, nasema kweli. Nimekaa hapa miaka yote hii, sijawahi kuona kitu kimepangwa vizuri namna hii. Tatizo, vijana wangu wanajikwaa stoo."

"Baba, dawa ya humo stoo ndiyo inayoingia kwenye maji yetu," Nasra alisema.

"Naona. Uzi hauwezi kudanganya. Mimi siwezi kubishana na uzi." Alimwongezea Mwanamisi sukari, akamkorogea, kwa kuwa aliona mikono yake. "Lakini kibali ninacho, na watu mia hapa wanakula kwa kibali hicho."

Mwanamisi alikunywa chai. Aliporudisha kikombe kiligonga sahani mara nyingi kabla ya kutulia.

Uzi haukuishia kwenye pipa. Ulitoka upande wa pili wa stoo ukateremka kuelekea Lushoto. Mwanamisi alisema miguu yake imechoka, akarudi nyumbani, na uzi ukarefuka pamoja naye bila taabu. Nasra aliufuata peke yake. Uliteremka na barabara, ukaingia ofisi ya mradi wa maji, ukapita chini ya kaunta, na kukomea kwenye kifungo cha shati la Twaha, aliyekuwa anakula wali maharage mezani kwake.

Twaha aliuona, akamwona na Nasra mlangoni. Aliweka kijiko.

"Ulijua," Nasra alisema.

"Nilijua maji. Sikujua mikono."

"Ulipima dawa iliyomo?"

"Nilipima misimu yote. Niliandika kiasi chake nikapeleka kwenye kamati ya mradi wa maji." Aliongea taratibu, kama mtu anayejipima mwenyewe. "Hospitali walijua mikono, hawakujua maji. Bwana shamba alijua dawa. Kila mtu ameandika ukweli wake, Nasra. Nenda ukatafute, hutakuta uongo hata mmoja."

"Na kamati ilijua nini?"

"Kamati ilijua shamba limeajiri watu."

Nasra alikaa kwenye kiti cha wageni. Siku zote alidhani data zikishaunganishwa watu watashtuka. Sasa alijisikia kama aliyewasha taa kwenye chumba akakuta kimejaa watu walioketi humo muda mrefu, macho wazi. Alilia kidogo. Twaha alimpa leso yake, na kwa kuwa uzi ulikuwa mfupi pale kwenye kifungo, ilibidi ainame.

Nasra aliipeleka habari kwenye kamati hata hivyo, ili isije ikasemwa hakuipeleka. Wajumbe walikuja ukumbini wakiinamisha vichwa kupisha nyuzi. Nasra aliwaonyesha mgonjwa, kijito, shamba, pipa, kimoja baada ya kingine, na kila alipotaja kitu uzi wake ulitetema juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyepinga. Mama Rahabu, mwenyekiti, alisimama akasema kwamba katika utumishi wake wote hajapata kuona jambo gumu likielezwa likaeleweka hivi, na kwamba wilaya nyingine zije zijifunze. Wajumbe walipiga makofi, wengine wakasimama. Walipiga makofi kwa dhati. Kisha waliazimia kwamba kazi ya nyuzi iendelee, na Shamba la Juu liendelee, na watakaotembea kwenye eneo la mradi wawe waangalifu wasikate nyuzi.

Bwana Anord alimfuata nje ya ukumbi. Aliomba maua yake nayo yaunganishwe na nyuzi, ajue ndege zenye nafasi na bei za kule. Nasra alirudi ofisini akamwandika, kwa sababu shamba lilikuwepo, na maua yalikuwepo, na sentensi zilikuwa za kweli. Uzi wa maua ulitoka mnene na kung'aa kuliko nyingine zote.

Wageni walianza kuja kutoka mikoani kutazama. Walipiga picha bondeni umande ukiwa bado haujakauka, wakashika vifua, wakauliza ilifanyikaje, na Nasra aliwaeleza kwa subira: kitu hiki, kinahusianaje, na kitu kile. Twaha aliendelea kupima maji, shati lake likiwa wazi kidogo pale kifungo kilipovutwa. Wake wa Lukozi walianika kanga kwenye nyuzi zilizopita karibu na nyumba, na kunde zilipanda zenyewe juu yake zikazaa vizuri.

Kiangazi Mwanamisi alivuna. Wajukuu walimkatia kabichi maana kisu hakikumtii tena, akauvuta uzi akauliza bei na lori, akajibiwa vizuri, kwa heshima. Kabichi zilikuwa kubwa na nzito, zimenyweshwa Kwemhasha kila jioni, kwani maji mengine hapakuwa nayo. Nasra alisaidia kupakia. Lori la Abdallah lilipoondoka, aliona kila kabichi imetoa uzi, na nyuzi zote zinalifuata lori kwenye kona za Soni, zikiteremka nalo mlima kuelekea tambarare, kuelekea Dar es Salaam na masufuria ya watu asiowajua.

Chini Mombo, askari wa barabarani alilisimamisha lori, akakagua matairi, akaliruhusu. Kisha aliziinua nyuzi kwa mkono mmoja, taratibu zisikatike, na kwa mkono mwingine akayaita magari yaliyokuwa yanasubiri yapite chini ya nyuzi.