Jina la Hamo Ukumbini

Hawisa alimvizia mtambaji wa hadithi mlangoni mwa jikoni, mikono yake bado inanuka jibini.

"Mzee Thurstan, leo ukifika kwa wale mashujaa wa mfalme waliofia darajani, mtie na Hamo wangu."

Thurstan alikuwa akikaza nyuzi za kinubi. "Mama Hamo, wale ni kumi na wawili tangu enzi za babu wa babu yangu. Wote wana wa mabwana, wapanda farasi. Hamo wako alikwenda vitani Uskoti kwa miguu, na upinde begani."

"Na hakurudi. Hata kaburi sina. Nikamlilie wapi?"

"Nikiongeza jina, bwana wetu atanitimua ukumbini kama mbwa. Pole, mama."

Pole haizibi pengo. Hawisa aliingia ukumbini akasimama nyuma kabisa, pamoja na wakamuaji na wakulima, kinyongo kimemjaa.

Lakini hadithi ile jamani! Waliisikia kila sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli tangu wakinyonya, na bado mate yaliwakauka adui alipojaa bondeni. Nyama ya bata bukini ilipoa sahanini. Majina yalipoanza, wanaume wote walivua kofia, bwana akiwamo, na ukumbi mzima ukayataja pamoja na Thurstan, mpaka Hawisa akahisi sakafu inatetemeka. Hasira zilimtoka. Aliwaona mashujaa wale waziwazi, wamesimama pale mlangoni na chuma chao na damu yao, akaogopa hata kupumua.

Baada ya jina la kumi na mbili mtambaji hunywa funda la pombe, ndiyo desturi. Thurstan alipoinua kikombe, Odo mkulima, mtu ambaye hata kanisani husinzia, akapaza sauti:

"Na Hamo wa Hawisa!"

Wote walimgeukia bwana. Bwana alikuwa ameshikilia kofia yake kifuani, hakuivaa.

Thurstan akaweka kikombe chini bila kunywa, akapiga nyuzi.

"Na Hamo wa Hawisa," akaimba, "akaja mbio juu ya farasi mweupe, hana hofu, mbele ya wote!"

"Hamo wa Hawisa!" ukumbi ukaitikia, mabwana mezani na wapishi mlangoni, kwa sauti moja.

Mwili ulimsisimka Hawisa kuanzia utosini. Alimkamata Odo mkono, anacheka na machozi yanamtiririka.

"Farasi!" alisema. "Odo, mwanangu akiona farasi alikuwa akijificha nyuma ya gauni langu."