Namba ya Mjomba

Aliyeiandikisha namba hiyo ni mimi. Nianze na hilo, maana watu huku mlimani wanamsema mjomba peke yake, na mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu.

Februari, mdogo wangu Editha alijigusa akiwa anaoga, akakuta kivimbe kwenye titi la kushoto, kadiri ya punje ya harage. Aliniambia mimi tu, tukipanga kabichi kwenye matenga. Siku ya kushusha mboga mjini tukapitiliza hospitali. Wakamchoma sindano, wakatoa kinyama cha kupima, wakasema majibu ni baada ya wiki tatu.

"Tuwapigie, au mtarudi wenyewe?" nesi akauliza.

"Mtapiga," nikadakia. Editha hana simu, na yangu ilikuwa imetumbukia mtoni. Nikaandika namba ya mjomba Deogratias. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo zito halipiti bila mjomba. Tena nyumba yake iko juu kilimani, mtandao unashika vizuri. Nikajiona nimefanya la maana!

Wiki tatu zikapita, zikawa sita. Kila tukimpitia: "Shikamoo mjomba. Hawajapiga?"

"Marahaba. Subirini, wanangu."

Tukasubiri. Editha akaanza kuchangamka. Wangekuta kitu si wangeshapiga? Nami nikachangamka naye, mjinga mimi.

Juni, maharage yamekwisha kuvunwa, mjomba akaita kikao cha ukoo. Watu walijaa uani, hadi ndugu zetu kina Benedikto kutoka Mafiga, kule mjini. Mjomba akasimama, akakohoa, akasema hospitali walipiga tangu Machi. Mara tatu. Majibu si mazuri, Editha anatakiwa arudi upesi.

"Machi?" nikaruka. "Mjomba, sasa hivi ni Juni!"

"Habari kama hiyo hapewi mtu peke yake, Modesta. Nilitaka ukoo wote uwepo, tumshike mkono. Kabla ya mavuno nani angekuja?"

"Kwa hiyo ugonjwa nao ulikuwa unasubiri maharage?"

Mama mdogo akanivuta khanga. "Modesta, adabu!"

Adabu! Adabu ndiyo iliyotufikisha pale. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Jamani, Editha hakuficha kitu! Alifichiwa. Nikayasema yote hayo mbele ya wazee, na leo nikiulizwa nitayarudia. Editha mwenyewe? Alikuwa ameshika titi lake kwa juu ya khanga, anatazama chini.

Kesho yake tukateremka watatu, mjomba amevaa koti lake la kanisani. Daktari, binti mdogo tu, akafungua faili, akamgusa Editha, akamgusa tena kwapani. Uso ukambadilika.

"Mbona mmechelewa hivi? Uvimbe umeshafika kwapani." Akashusha pumzi. "Tutatibu, dada. Lakini itakuwa tiba ndefu na ngumu kuliko ile ambayo tungeanza nayo Machi."

Mjomba alikuwa anaizungusha kofia yake magotini. Nilijaribu kumwonea huruma, nikashindwa. Mzee alimpenda mpwa wake, najua, ila mapenzi hayo yalimlia miezi mitatu.

Tukapelekwa dirishani kuandikishwa vipimo upya. Nesi akavuta fomu. "Majibu tuwapigie, au mtarudi wenyewe?"

Mjomba akasogea kwa mazoea. "Andika, sifuri saba tano..."

"Hapana, mjomba."

Ni Editha. Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akimkatiza mkubwa maneno. Hata sauti hakuipandisha.

"Nesi, usiandike namba yoyote. Nipe tarehe. Majibu yangu nitayafuata mwenyewe, hata kwa miguu."

Nesi akamwandikia tarehe kwenye karatasi, Editha akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Imekwisha, rahisi hivyo. Na Februari, dirishani palepale, waliuliza swali lilelile, nikamjibia mimi.