Pikipiki Ninayoweza Kuiinua

Kabla sijanunua pikipiki, nilikwisha kuitungia ebyebugo, yale majigambo ambayo mwanamume wa Kihaya husimama na kuyatamka mbele ya wazee. Niliapa kuingia kijijini kwetu Nshamba juu ya pikipiki kubwa kuliko zote za Bukoba. Kijiji kizima kilinisikia.

Dukani Bukoba, Bwana Harshad, muuza pikipiki, aliilaza ile kubwa sakafuni. "Iinue, Karugendo. Anayejifunza kuendesha lazima aanguke. Usiyoweza kuiinua si yako."

Nilivuta mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Iliinuka kidogo, ikalala tena.

"Isomee shairi!" alicheka mkewe, Kantaben. "Huenda ikasimama yenyewe."

Nilifura kwa hasira. Kisha Harshad akailaza ile ndogo nyekundu, nami nikaiinua mara moja. Nikainunua hiyo.

Nilijifunzia ufukweni mwa ziwa. Nikiachia klachi ghafla, inaruka na kunitupa mchangani. Naiinua, napanda tena.

Jumapili nikaingia Nshamba. Baba alikuwa na wazee wenzake, wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi.

"Ile kubwa iko wapi?" aliuliza, na wazee wakaangua kicheko.

Nilizima injini, nikasimama wima. "Ni mimi Karugendo, niliyetupwa ufukweni, nikatupwa njiani Kagoma! Kila iliponilaza niliiinua! Ile kubwa ingekuwa ingali imenilalia!"

Wazee wakapiga makofi. Baba akanipa kibuyu ninywe, akajifunga shuka vizuri, akapanda nyuma.

"Twende."

"Tukianguka je, Baba?"

"Si umesema unaweza kuiinua?"