Sentensi za Jumapili

Kufuma mkeka kwetu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kando na ufito mrefu, anapitisha ndago, yale majani makavu ya mkeka, katikati ya nyuzi. Mwenzake amekalia ubao, anapigilia. Ukishapitisha, unangoja. Yeye akipiga, unapitisha nyingine. Mimi na marehemu mume wangu tulifanya hivyo miaka thelathini na minane, mimi kupitisha, yeye kupiga. Ana miaka minne kaburini, na kitanda cha kufumia kipo palepale chumbani, naanikia taulo.

Nasema haya ili ujue kwamba muda ninao. Ndiyo maana nilipoanza kujifunza Kiingereza katika umri wa miaka sabini na mmoja, mimi niliyeishia darasa la tatu, sikuona ajabu sana. Walioona ajabu ni majirani.

Chanzo ni binti yangu Lụa. Anaishi Melbourne, huko Australia, na mumewe ni wa hukohuko. Mtoto wao, Hazel, ana miaka sita na anasema Kiingereza tu. Kila Jumapili saa tano asubuhi walikuwa wananipigia simu ya picha. Mimi nacheka, mtoto ananitazama, basi. Siku moja Lụa akaniambia taratibu, kama mtu anayechomoa kibanzi:

"Mama, Hazel hataki tena kuja kwenye simu. Anasema hajui la kusema na wewe."

"Ni mtoto. Atazoea."

"Mwaka wa pili huu, mama. Tungoje mpaka Tết. Tukifika mwaka mpya na bado analia nikimwita, tumwache. Tutaongea mimi na wewe tu."

Nilihesabu. Zilibaki Jumapili nane.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu Dịu, anayefundisha watoto Kiingereza sebuleni kwake, pikipiki imeegeshwa katikati ya madawati.

"Bibi Thoa!" akasema. "Umepata mchumba Mzungu?"

"Nikimpata anayejua kupigilia mkeka, nakataa kwa nini?"

Akacheka hadi miwani ikamshuka. Lakini alinifundisha, kila jioni baada ya watoto kuondoka, na hakuchoka nami. Alisema Kiingereza cha kila siku si kikubwa kama watu wanavyokiogopa. Sentensi zao nyingi zinafumwa kwa mipango michache tu, na ukishaishika, unabadilisha rangi ya ndago. Kwanza anakaa mwenye kufanya, kisha anachofanya, kisha kitu chenyewe. Paka anakula samaki. Bibi anakunywa chai. Ukimweka samaki mbele, basi samaki ndiye amemla paka. Mpango mwingine ni wa kusema kitu ni cha namna gani: mkeka ni mwekundu. Mwingine wa kusema kuna nini na wapi. Mwingine wa kusema nina nini. Na ukitaka kuuliza, kuna kijineno kidogo unakitoa ndani unakitanguliza mbele, kama mtu anayepisha mgeni mlangoni.

Niliandika yote kwenye daftari, na matamshi nikayaandika kwa herufi zetu. Kimoja tu kilinikwama. Sisi kila mtu tunamwita kwa nafasi yake: huyu bibi, huyu mjukuu, huyu shangazi. Wao wana "mimi" na "wewe", imekwisha.

"Kwa hiyo mtoto ataniita wewe?"

"Atakuita wewe, bibi. Hata mfalme wanamwita hivyo."

"Maskini mfalme," nikasema.

Jumapili iliyofuata nilikuwa tayari. Nilinawa uso kwa maji ya moto, nikavaa blauzi ya harusi za watu, nikaiegemeza simu. Mtoto alipotokea, nikaanza. Umekula? Umekula nini? Unakwenda wapi? Mama yuko wapi? Unafanya nini? Kila kijineno kilikaa mbele kama nilivyofundishwa. Mtoto akajibu la kwanza, akajibu la pili, halafu akamnong'oneza mama yake na kutoweka.

Lụa alikuwa anacheka. "Mama! Umejifunza wapi hayo?" Kisha akaacha kucheka. "Anauliza kama amefanya kosa."

Nikadhani maswali yalikuwa machache. Jumapili ya pili nikaenda na kumi na mawili. Ya tatu, kumi na tano. Ya nne mtoto alisimama mbali, nikaona goti moja tu na ncha ya soksi. Lụa akaniambia bila kunitazama, "Anasema bibi ni kama askari polisi."

Jioni ile sikuwasha taa mapema. Nilikaa na ule ufito wangu nikaupitisha mtupu kati ya nyuzi, nikaurudisha.

Asubuhi nikamfuata mwalimu Dịu. Alikuwa anafagia uani. Aliponiona nafungua geti lake akaita kwa furaha: "Bibi, unakwenda wapi?"

"Si unaniona naingia kwako!"

Tukacheka wote. Halafu mimi nikabaki nimeshika geti.

"Mwalimu. Kule, mtu akiulizwa unakwenda wapi, anajibu kweli?"

"Anajibu kweli, bibi. Anadhani unataka kujua."

Mimi, nyumba kwa nyumba, maisha yangu yote, nimesalimiwa na kusalimia hivyo. Unakwenda wapi, umekula, unabeba nini. Hakuna anayengoja jibu. Ni namna ya kusema nimekuona. Kumbe mtoto wa watu nilikuwa namkalisha mahakamani.

Basi nikayafuta maswali yote daftarini. Jumapili tatu zilizofuata mtoto hakuja kabisa. Lụa alisema ana mafua, kisha yuko kuogelea, kisha hakusema kitu. Mimi niliendelea kupanga sentensi, nikizisema peke yangu jikoni.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya Tết. Nilikuwa nimeshaandaa sinia la mchana: wali, tofu, mboga ya majani. Nikaliweka juu ya kitanda cha kufumia, simu nikaiegemeza kwenye ubao. Mtoto alisukumwa mbele, uso umevimba kwa kulia.

Nikasema: "Nina miguu mibaya miwili. Kuna bata kwenye bwawa langu. Bata ananichukia."

Ukishapitisha, unangoja. Niliona kidevu cha mtoto kikitulia.

"Mimi nina samaki," akasema mwishowe. "Anachukia kila mtu."

Nikapitisha nyingine. "Hiki ni kitanda cha mikeka. Ni cha watu wawili."

"Mwingine yuko wapi?"

Mpango wa mambo yaliyopita mwalimu alikuwa hajanifikishia. Nikasema nilichoweza. "Ni babu. Babu hayupo."

Akafikiri. Kisha akasogea karibu mpaka pua yake ikajaa kioo chote. "Una chakula. Hukigusi."

Ningemwelezaje? Kwetu mtu hali kabla mdogo kuliko wote hajawakaribisha wakubwa: babu karibu, bibi karibu, mama karibu. Miaka minne sijakaribishwa na mtu. Naikaribisha picha ya mume wangu, kisha nakula harakaharaka kama mwizi. Mpango wa kusema hayo sikuwa nao. Nikakaa tu, vijiti vya kulia mkononi.

"Kula, bibi," akasema Hazel. "Kitapoa."

"Hazel!" Lụa akafoka nyuma yake. "Bibi haamrishwi hivyo!"

"Mwache," nikasema, na sauti yangu sikuipenda ilivyotoka. "Mwache, mwanangu."

Nikala. Mtoto alinitazama tonge kwa tonge, kama fundi anayekagua kazi, mpaka nusu ya bakuli. Kisha kengele ya mlango ikalia kwao, akaruka, simu ikazimika. Kwenye kioo cheusi nikabaki mimi na punje ya wali shavuni. Nusu iliyobaki niliimaliza polepole. Ilikuwa imepoa kweli.

Jioni ukaja ujumbe wa Lụa: "Hazel anauliza bata anaitwa nani. Anasema umwambie Jumapili."

Bata hana jina. Nani humpa bata jina? Nikachukua kigoda nikaenda kukaa kando ya bwawa, yeye upande ule, mimi upande huu, nikamtazama mpaka giza likaingia.